Safari ya Nawakille, Kijiji cha Walimu wa Skwoshi

Njia itokayo Islamabad kwenda Peshawar huuvuka Mto Indus karibu na Attock, mahali ambapo Mto Kabul, ukiisha kushuka kutoka milima ya Afghanistan, huingia katika mto ule mkubwa na kufuatana nao kwa masafa si haba, maji ya mmoja yakiwa na rangi ya udongo na ya mwenziwe yakielekea kijani, kabla hayajachanganyika yakawa kitu kimoja. Juu ya ukingo imesimama ngome aliyoijenga mfalme Akbar katika karne ya 16, nayo aghalabu ndiyo inayowasimamisha wasafiri. Nasi tulisimama, tukaitazama, dereva akanunua machungwa kwa mchuuzi wa kando ya njia. Lakini haja yangu ilikuwa mbele, kwani sikufunga safari hadi Pakistan kwa ajili ya ngome wala mito, bali kukizuru kijiji kiitwacho Nawakille, viungani mwa Peshawar, kijiji ambacho zamani kilijulikana kwa wapishi, wafagiaji na watumishi wa maafisa wa Kiingereza, na ambacho hata hivyo kimeupa ulimwengu mabingwa wa mchezo wa skwoshi wengi kuliko waliotolewa na madola makubwa.

Yafaa nitaje miaka, maana sifa bila hesabu humchosha msikilizaji. Mashindano ya Wazi ya Uingereza, ambayo kabla ya kuanzishwa kwa ubingwa wa dunia wa wachezaji wa kulipwa katika miaka ya 1970 ndiyo yaliyohesabiwa kuwa kilele cha mchezo huu, yalitwaliwa na Hashim Khan kila mwaka tangu 1951 hadi 1956. Jamaa yake, Roshan Khan, akayatwaa 1957. Hashim akarudi 1958. Azam Khan, mdogo wake Hashim, akayashika tangu 1959 hadi 1962. Na mpwa wao, Mohibullah Khan, akayatwaa 1963. Baadaye Jahangir Khan, mwana wa Roshan, aliyezaliwa Karachi, aliyachukua mara 10 mfululizo, 1982 hadi 1991, na alipoachia yeye akayapokea Jansher Khan, naye ni mtu wa Nawakille, akayashika hadi 1997. Mwenye kuisoma orodha hiyo hudhani kwamba anasoma nasaba ya wafalme.

Walakini si mabingwa hasa walionivuta. Mtu aliyenifundisha mimi kushika raketi, huko Nairobi, alikuwa mtumishi wa klabu, aliyefungua milango alfajiri, akafagia viwanja, akafunga nyuzi za raketi zilizokatika, akahesabu alama za waliokuwa wakicheza, na akawafundisha watoto wa wakubwa mchezo ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuucheza katika shindano lolote ambalo jina lake lingeandikwa ubaoni. Alikuwa stadi wa shani. Nilipokuwa mkubwa na kusoma habari za Hashim Khan, nilitambua kwamba bingwa yule naye alitoka katika kazi ile ile, na tangu siku hizo nimekuwa na shauku ya kufika mahali ambapo mtumishi aligeuka mwalimu, na mwalimu akageuka bingwa, kisha bingwa akarejea kuwa mwalimu mpaka mwisho wa uhai wake.

Tuliingia Peshawar baada ya adhuhuri. Ngome ya Bala Hisar iko juu ya kilima chake, na chini yake mji mkongwe umejaa vichochoro, mafundi wa shaba, wauza matunda makavu, na moshi wa kebabu za nyama ya kusaga zikaangwazo katika sinia pana za chuma. Katika soko la Qissa Khwani, ambalo wasimulizi wa hadithi walikuwa wakikaa zamani na kuwaburudisha wasafiri wa misafara, tulikunywa chai ya kijani yenye iliki katika vibakuli vidogo, tukiwa tumekaa juu ya vitanda vya kamba, na mwenyeji wangu, kijana mwalimu wa shule aliyejitolea kuwa mkalimani wangu katika Kipashto, alinitaka radhi mara kwa mara kwa vumbi na kelele, nami nikamwambia kwamba mtu wa pwani aliyelelewa karibu na soko haoni udhia katika mambo hayo.

Ng'ambo ya reli hali hubadilika: barabara zimenyooka, miti imepandwa kwa safu, nyumba zimejitenga kwa bustani. Hapo ndipo walipokaa askari wa himaya ya Kiingereza, kwa kuwa Peshawar ndiyo iliyokuwa lango la Njia ya Khyber, na ofisi kubwa za ulinzi wa mpaka zikahitaji maafisa wengi, na maafisa wakahitaji klabu, na klabu ikahitaji watu wa kuitumikia. Nawakille ilikuwa karibu kiasi cha mtu kwenda kwa miguu. Nalisisitiza jambo hili la ujirani kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba watu wa koo za mabingwa wale wamezaliwa na damu ya pekee, ilhali mwenye kusimama hapo akatazama umbali baina ya kijiji na klabu atafahamu kwamba kilichowakuta ni kazi, na kazi hiyo ilirithishwa na baba kwa mwana kama ufinyanzi unavyorithishwa katika vijiji vyetu.

Hakuna aliyeiandika siku ya kuzaliwa kwa Hashim. Mwaka uliozoeleka kutajwa ni 1914. Baba yake, Abdullah Khan, alikuwa mkuu wa watumishi katika klabu ya maafisa, naye alikuwa akimchukua mwanawe huko alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi. Viwanja vya skwoshi vya siku hizo vilikuwa vya matofali, havina dari, na mpira uliopigwa juu mno uliruka ukuta ukaanguka nje. Basi mtoto yule alikaa juu ya ukuta wa nyuma, akitazama mchezo chini yake, na kila mpira uliotoka aliukimbilia akaurudisha. Jua lilipokuwa kali na maafisa wakaenda kupumzika, watoto waliteremka uwanjani na raketi zilizovunjika, wakacheza bila viatu juu ya sakafu iliyowaka moto. Hashim alipokuwa na miaka 11 baba yake alifariki katika ajali, naye akaacha shule akashika kazi ya kuokota mipira na kufagia viwanja. Mwaka 1942 aliajiriwa kuwa mwalimu wa skwoshi katika mesi ya maafisa wa jeshi la anga, na mwaka 1944 akaenda Bombay akatwaa ubingwa wa India yote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani halijapewa haki yake. Mwalimu wa klabu wa enzi hizo hakuwa mwalimu kwa maana ya mtu anayesimama kando akapiga kelele. Alikuwa ndiye mchezaji wa akiba wa kila mwanachama asiye na mwenzake, na mwanachama huyo, afisa aliyechoka kwa kazi za ofisi, mwenye kitambi na haraka ya kwenda kuoga, alitaka kukimbia kidogo, kutokwa na jasho, na kuondoka akiwa na furaha. Kumshinda mtu kama huyo kulikuwa jambo jepesi na la hatari. Kazi yenyewe ilikuwa kumpa mpira mahali atakapoufikia kwa jitihada, si karibu mno akachoka kwa uvivu, wala mbali mno akavunjika moyo, na kuufanya hivyo mpira baada ya mpira kwa saa nzima, huku mwalimu mwenyewe akisoma pumzi ya mtu yule, hatua zake, na nia ya mkono wake kabla haujapiga. Mwenye kuweza kuuweka mpira mahali ambapo mtu dhaifu ataufikia kwa taabu, huyo anaweza kuuweka mahali ambapo mtu hodari ataukosa kwa shibri moja. Miaka ya utumishi ilikuwa madrasa ya Hashim, na somo alilolipata humo hakuna fedha ambayo ingelinunua.

Dalili ya jambo hilo ilionekana mwaka 1951. Mwaka uliotangulia, Abdul Bari, ambaye Hashim alikuwa amekwisha kumshinda huko Bombay, alifika fainali ya Uingereza akiiwakilisha India, akafungwa na Mmisri Mahmoud Karim, bingwa wa tangu 1947. Habari hizo ziliposikika Peshawar, Hashim aliomba apewe nafasi naye, na jeshi la anga la Pakistan, dola iliyokuwa changa bado, likamsaidia kwenda. Alifika London akiwa na umri wa miaka kama 37, ambao mchezaji wa leo huwa amekwisha kustaafu. Alikuwa mtu mfupi, kichwa kimeanza upara, wala hapakuwa na mtu katika watazamaji aliyemdhania makubwa. Katika fainali alimshinda Karim kwa 9–5, 9–0, 9–0. Wapo waliouita ushindi huo muujiza. Mimi siuoni muujiza. Naona mtu aliyekuwa amekwisha kusoma, katika miili ya mamia ya wanafunzi, kila njia ambayo binadamu anaweza kuitumia kuupiga mpira, kisha akakutana na bingwa ambaye, kwa ufundi wake wote, hakuwa na ishara ambayo Hashim hakuwahi kuiona.

Asubuhi iliyofuata mwenyeji wangu alinipeleka katika viwanja vilivyopewa jina la Hashim Khan, ambako mwalimu mmoja mzee, aliyecheza kwa kulipwa katika ujana wake na ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa hakutaka kutajwa, huwafundisha watoto kabla ya saa za shule. Baridi ya Novemba ilikuwa kali. Msomaji asiyeujua mchezo huu na afahamu kwamba uwanja wake ni chumba chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, wachezaji wote wawili wakiwa ndani pamoja, wakiupiga mpira mmoja kwa zamu juu ya ukuta wa mbele, juu ya ubao wa chini uitwao bati. Na kwamba mpira wenyewe ni wa raba, wenye nukta mbili za manjano, haudundi kabisa ukiwa baridi, hata hauna budi kupigwa na kupigwa mpaka upate joto ndipo uwe na uhai. Asubuhi za baridi watoto hao huuweka mpira kwapani wakikimbia kuzunguka kiwanja, ili mwili na mpira vipate joto kwa wakati mmoja.

Ustadhi, kama wanavyomwita wote, hakusema mengi. Alimsimamisha kijana mmoja wa miaka 15 hivi katikati ya uwanja, pale mistari inapokutana, kisha akawa anampelekea mipira, mmoja pembe ya mbele kulia, mmoja nyuma kushoto, mmoja mbele kushoto, na kijana hakuruhusiwa kuupiga wowote bila kurudi kwanza katikati. Mkono wa mzee haukuonekana kuharakisha kitu. Hata hivyo kijana alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima, na kila alipochelewa kurudi katikati, mpira uliofuata ulimkuta akiwa amegeuka upande mwingine, akaukosa, na mzee akasema neno moja tu ambalo mkalimani wangu alinifasiria kuwa ni «Nyumbani.»

Tulipokaa baadaye juu ya benchi, nilimwuliza, «Ustadhi, ni lini mtu hujua kwamba wakati wake wa kucheza umepita na wakati wa kufundisha umewadia?»

Akanijibu, «Mgeni wetu, hilo ni swali la watu wa Ulaya. Kwetu Hashim Sahib alikuwa mwalimu kwanza. Muulize Rahmat.»

Nilielewa alikokusudia. Rahmat Khan, mwana wa yule Nasrullah Khan aliyemfundisha Jonah Barrington huko London hata akawa bingwa wa Uingereza mara sita, alikuwa mwenyewe mchezaji wa kulipwa mwenye miaka mbele yake wakati msiba ulipoingia katika ukoo. Mwaka 1979 binamu yake Jahangir, kijana wa miaka 15 aliyekuwa dhaifu tangu utoto, aliyepasuliwa ngiri mara mbili na kuonywa na madaktari asikazane na michezo, aliachwa nje ya timu ya taifa, akaenda Australia kwa nafsi yake akatwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa. Majuma machache hayajapita, kaka yake mkubwa, Torsam, mchezaji hodari aliyekuwa amekusudia kumlea katika mchezo, alianguka uwanjani huko Adelaide katikati ya mchezo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 27. Jahangir alitaka kuacha kabisa. Rahmat ndiye aliyeiweka raketi yake chini, akamchukua kijana yule akakaa naye London, akamkimbiza maili nyingi kila siku, akamwogelesha, akamrudisha uwanjani kila jioni, na miaka miwili baada ya msiba, Novemba 1981, Jahangir akamshinda Geoff Hunt wa Australia huko Toronto akawa bingwa wa dunia. Tokea hapo alikaa miaka mitano hivi bila kufungwa, mpaka Ross Norman wa New Zealand alipomshinda huko Toulouse Novemba 1986. Magazeti yaliandika jina la Jahangir kwa herufi kubwa, na ni haki yake. Lakini mimi nikiisoma hesabu ile ya mechi mamia zisizo na kushindwa, namwona nyuma yake mtu aliyetoa miaka yake mwenyewe ya uchezaji, ambayo haikurudi.

Na watu wa ukoo huu hawakubaki Peshawar. Klabu za nje ziliwalipa walimu mishahara ambayo kijiji hakikuiota. Hashim alihamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafundisha Detroit, kisha Denver, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huufanya mpira uruke kwa kasi zaidi. Na zaidi ya hayo Wamarekani wa siku hizo walicheza kwa mpira mgumu katika uwanja mwembamba kuliko ule wa Kiingereza, hata bingwa wa ulimwengu akalazimika kujifunza upya katika umri ambao wengine hulea wajukuu. Alijifunza, akafundisha, na aliendelea kushika raketi mpaka uzee wa miaka 90 na zaidi. Alifariki huko Colorado tarehe 18 Agosti 2014. Mwanawe Sharif alitwaa mashindano ya wazi ya Amerika ya Kaskazini mara 12. Azam, ambaye alikuwa mwalimu wa tenisi mpaka kaka yake alipomgeuza mchezaji wa skwoshi ili apate wa kufanya naye mazoezi, alifungua mafunzo yake London, akafa huko mwezi Machi 2020 kwa maradhi ya korona. Mohibullah alifundisha Boston.

Siwalaumu kwa kuhama. Mtu aliyeanza kwa kufagia ana haki ya kulipwa kwa ilimu yake. Lakini nilipokuwa nikipita katika vichochoro vya Nawakille, nikiona watoto wanaopiga mpira wa tenisi uliochakaa juu ya ukuta wa nyumba huku mwenye duka akiwafukuza kwa upole, nilifikiri juu ya hasara ambayo haiandikwi katika vitabu vya mashindano. Bingwa akihama, taifa hupoteza kikombe kimoja. Mwalimu akihama, hupoteza vikombe vya wajukuu. Tangu Jansher aliposhuka hakuna Mpakistani aliyetwaa ubingwa wa Uingereza, na leo mchezo umerudi mikononi mwa Wamisri, watu wa nchi ya Karim, ambao mabingwa wao wastaafu wamekaa Cairo na Iskandaria wakiwafundisha watoto kwa mamia. Naamini, na nasema bila kusitasita, kwamba wakubwa wa michezo wa Pakistan wangewalipa walimu wa Peshawar nusu ya walichotumia kwa kumbi za vioo na sherehe, wasingelia leo.

Nilimwuliza Ustadhi kuhusu wasichana. Uso wake ulikunjuka. Akanisimulia habari ambayo naijua na inajulikana ulimwenguni, ya Maria Toorpakai kutoka Waziristan, aliyevaa nguo za kiume utotoni ili acheze, akaja kujifunza skwoshi hapa Peshawar, akatishwa na watu wenye silaha kwa kucheza, akajifungia chumbani kwa muda mrefu akipiga mpira ukutani, huku akiandikia klabu na vyuo vya nje, mpaka akajibiwa na Jonathon Power wa Canada, aliyekuwa mchezaji wa kwanza wa ulimwengu mwaka 1999 na ambaye baada ya kustaafu alikuwa mwalimu huko Toronto. Aliyemjibu msichana wa mpakani, kati ya wote walioandikiwa, alikuwa bingwa aliyegeuka mwalimu. Ustadhi alisema kwamba siku hizi wasichana huja kwake kwa saa zao, na kwamba mmoja wao anasoma mchezo kwa wepesi kuliko kaka zake wawili.

Yule kijana wa miaka 15 alikuwa amepata nafasi ya kusoma katika shule moja ya ng'ambo kwa sababu ya raketi yake, naye alikuwa aondoke baada ya majira ya baridi. Nilimwuliza mzee kama moyo haumuumi. Hakunijibu, bali aliinuka, akanipa raketi, akanitaka niingie uwanjani na mwanafunzi wake, nami, mtu wa makamo ambaye magoti yake yamekwisha kuchoka, nikaingia kwa taadhima. Mpira wa kwanza kijana aliupiga kwa nguvu kando ya ukuta, haukugusika. Mzee akapiga kiganja juu ya kioo, akamwambia kwa Kipashto jambo ambalo baadaye nilifasiriwa: mgeni hakuja kutazama ukuta, mpe mpira anaoweza kuufikia. Kijana akaona haya, akajaribu tena, safari hii ukaja polepole mno, na mzee akapiga kioo mara ya pili. Tukaendelea, na kidogo kidogo mipira ikaanza kuja mahali ambapo nilikuwa sina budi kukimbia hatua tatu kamili na kunyoosha mkono wote, nikaufikia, nikaurudisha, na kijana akawa tayari amekwisha kusimama katikati akinisoma mabega. Tulipotoka tukiwa tumelowa jasho, Ustadhi alimwambia kwamba kesho, kabla ya mazoezi yake mwenyewe, atakuja saa 12 alfajiri kuwachezea hivyo watoto wa miaka saba na minane, na ataendelea nao kila siku mpaka siku ya ndege yake.